Petroli ya Presha Katika Gari Kuukuu



Gari la tawi letu ni Peugeot 504 ya stesheni wageni, yenye viti vya safu tatu, na umri wake unawapita wengi wa vijana wanaochuma chai siku hizi. Hatukulinunua kwa fahari. Ndilo gari linalomtoa mgonjwa kambini usiku na kumfikisha hospitali ya Fort Portal, na ndilo linalowapeleka wajumbe wa tawi Kampala, safari ya kilomita karibu 300, mambo ya wafanyakazi yanapohitaji kusemwa ana kwa ana. Lori la majani ya chai ni la mwajiri nalo lina saa zake. Gari hili ni letu.

Basi mwaka ule wa shida lilituzimikia mara mbili mlimani, na mara ya pili lilikuwa na mama mjamzito ndani. Dereva wetu, mzee aliyeendesha magari ya mashamba tangu ujana wake, alifungua boneti na kukuta kabureta inatokwa na petroli kama jipu lililotumbuliwa. Mama yule aliokolewa na lori lililopita kwa bahati, akajifungua salama. Lakini katika mkutano wa tawi uliofuata hakuna aliyetaka kusikia habari ya bahati.

Wengine walisema gari liuzwe. Wengine walitaka kabureta mpya. Sisi mafundi wa gereji, ambao nasi ni wanachama, tulieleza kwamba kabureta za asili za gari hili hazipatikani tena kwa urahisi, na zile za kuiga tulizozijaribu ziliharibika upesi. Pia shamba letu liko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini hutoa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo huku kwetu, na moshi mweusi unaouona nyuma ni fedha ya tawi inayopeperuka. Tukapendekeza kwamba injini ile ile ifungwe mfumo wa sindano unaoendeshwa kwa umeme, kwa vyuma vya gari jingine lililopata ajali.

Ndugu Katibu alituuliza swali moja tu: "Je, mnaijua kazi yenyewe, au mnataka kujifunzia kwenye gari la wagonjwa?"

Swali lilikuwa la haki. Tulimjibu kwamba upande wa injini tutausimamia pamoja na karakana moja ya Kampala yenye mashine za kuchonga, lakini upande wa mafuta, yaani kutoka tangi hadi injini na kurudi, ni wetu. Makala haya ni ya upande huo. Tumeona tuyaandike kwa sababu fundi wengi katika mashamba na viwanda wanaletewa kazi ya namna hii, na wengi wanadhani kwamba ugumu uko kwenye boksi la umeme na injekta. Sivyo. Mtu anaweza kupotea katika waya akapotezewa siku mbili. Akipotea katika petroli anaweza kupoteza macho.

Sindano si jambo jipya kwa gari hili. Peugeot 504 ilipotoka mwaka 1968 ilikuwapo ya kabureta na ya sindano pia, ila ile ilikuwa sindano ya kimitambo ya Kugelfischer, yenye pampu ya pistoni inayozungushwa na injini. Katika miaka ile ile kampuni ya Bosch ilikuwa imeanza kuuza sindano ya umeme katika Volkswagen 1600. Wazee wetu wanalikumbuka jina la Peugeot kwa mashindano ya Safari: Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda kwa 404 mwaka 1966 na 1967, na 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Tuliwaza kwanza kutafuta pampu ya Kugelfischer, tukaacha. Mtu wa kuirekebisha pampu ile siku hizi ni adimu kuliko pampu yenyewe.

Sasa tuingie katika kazi.

Gari la kabureta lina pampu ndogo ya ngozi ubavuni mwa injini. Injini inaisukuma, nayo inavuta petroli kutoka nyuma na kuipandisha kwa presha ya paundi 3 hadi 5 tu kwa inchi ya mraba. Hiyo inatosha, kwa kuwa kabureta ina bakuli lake lenye boya, na bakuli hilo ni akiba. Pampu ikivuta hewa kidogo kwenye kona, injini inaendelea kunywa bakulini wala dereva hajui. Sindano haina bakuli. Inataka petroli isimame mlangoni pa kila injekta kwa presha isiyoyumba, kiasi cha paundi 43, au ba 3 kama wasemavyo wenye vipimo vya Kizungu vya siku hizi. Iko aina nyingine yenye injekta moja tu iliyokaa mahali pa kabureta, ambayo hutosheka na paundi 10 hadi 15, lakini yetu ilikuwa ya injekta nne.

Fikirini upepo wa tairi la gari dogo, ambao ni kama paundi 30. Petroli katika paipu ya sindano inasukumwa kwa nguvu kuliko upepo huo. Mpira wa kabureta ukipasuka, petroli inadondoka chini na dereva anasikia harufu. Mpira wa sindano ukipasuka, petroli inaruka kama ukungu juu ya ekzosi yenye moto. Kwa sababu hiyo hakuna kitu cha zamani katika njia ya mafuta kinachoweza kuachwa kwa kuwa "bado kizima". Pampu ya zamani, mipira, klipu na filta ya plastiki, vyote tuliviondoa. Kilichobaki ni tangi, na tangi ndilo lililotuletea maneno.

Tangi la gari la kabureta lina paipu moja nyembamba ya kuvuta. Gari la sindano linataka paipu pana zaidi ya kutolea na nyingine ya kurudishia, maana pampu ya umeme husukuma mafuta mengi daima, na yale ambayo injini haikuyatumia hurudi tangini. Kwa hiyo tangi linahitaji matundu. Afisa mmoja wa usafiri, ambaye alikuwa ametukubalia tutumie gereji ya shamba siku za Jumapili, alitushauri kwa nia njema kabisa: "Limwageni, lianikeni juani siku mbili, kisha lichomeleeni paipu mbili. Kazi ya saa moja."

Tukakataa. Inafaa kueleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita, katika gereji moja ambayo hatutaitaja, mwenzetu aliambiwa azibe tobo la tangi la petroli. Tangi lilikuwa limekaa wazi juani kwa siku tatu. Alinusa, hakusikia kitu. Alilipiga piga, likalia kama debe tupu. Akawasha gesi. Sisi wawili tuliokuwa upande wa pili wa jengo tulidhani tairi la trekta limepasuka. Uso wa tangi ulimjia usoni. Leo ana jicho moja, na vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki. Kisha alipodai fidia aliambiwa kwamba yeye ni fundi na alipaswa kujua.

Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Petroli ya maji haiwaki; kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unahitaji mvuke mdogo sana, sehemu moja na nusu hivi katika mia. Vijiko vichache vya petroli vilivyojificha katika mikunjo ya bati na katika kutu vinatosha kulijaza tangi zima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, kwa hiyo hautoki juu kama moshi. Unakaa chini ya tangi kama maji kisimani. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya ukungu si kinga. Na hata tangi lililooshwa laweza kudanganya pua: linapopashwa moto, kutu na maungio hutoa petroli iliyokuwa imenywewa. Wako mafundi wanaoingiza moshi wa ekzosi ndani ya tangi ili kufukuza hewa. Wengine wamefanya hivyo mara kumi salama. Hatuwezi kuwaomba wanachama wawe wa mara ya kumi na moja.

Njia tuliyoifuata haikuhitaji moto karibu na tangi. Juu ya tangi pana sahani ya geji ya mafuta, ile yenye boya linaloonyesha kiasi cha petroli. Tuliitoa, tukatengeneza sahani mpya ya chuma, tukaunganisha paipu mbili kwenye sahani hiyo juu ya meza ya kazi, mbali na gari na mbali na tangi, kisha tukaihamishia geji na kuifunga mahali pake kwa gaskiti mpya isiyoliwa na petroli. Paipu ya kutolea inashuka hadi karibu na sakafu ya tangi, ikiacha nafasi ya milimita 10 hivi ili isinyonye matope. Ya kurudishia nayo inashuka chini ya usawa wa mafuta, kwa sababu petroli ikirudi kwa kuanguka kutoka juu hufanya povu, na povu ni hewa.

Kabla ya hapo tuliosha. Petroli ya mwisho ilitolewa kwa pampu ya mkono na kuwekwa katika jerikeni ya chuma yenye mfuniko. Kijana wetu wa gereji alitaka kuivuta kwa mdomo kama alivyozoea, tukamzuia. Petroli ikipita njia ya hewa na kufika mapafuni, hata tone dogo, huleta homa ya mapafu ambayo haitibiki kwa kunywa maziwa. Tangi tulilijaza maji ya moto, sabuni na kokoto safi, tukalitikisa wawili wawili kwa zamu, tukamwaga, tukarudia. Mara tatu za kwanza maji yalitoka na rangi ya chai ya kambini. Mara ya sita yalitoka meupe. Tukalikausha juani vizuri, kwa kuwa maji yaliyobaki ni kutu ya kesho, na kutu ikifika kwenye injekta inaziba tundu dogo ambalo jicho halilioni.

Sasa pampu. Watu huuliza: pampu gani inatosha? Hesabu yake si ngumu. Injini ya petroli ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutumia karibu nusu paundi ya mafuta kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Injini yetu tuliikadiria farasi 90. Nusu yake ni paundi 45 kwa saa, sawa na kilo 20 hivi, yaani lita 28 kwa saa kwa uzito wa petroli. Injini ikiunguruma pale pale bila mzigo hutumia kama lita moja tu kwa saa. Tukachagua pampu ya lita 120 kwa saa kwenye presha ya paundi 43. Msidhani ni ubadhirifu. Pampu huchoka, betri hushuka, filta huziba, na akiba hiyo ndiyo inayobeba gari mlimani. Lakini pia msinunue pampu kubwa kupita kiasi mkidhani gari litakimbia. Petroli yote ya ziada inapita karibu na injini yenye joto na kurudi tangini, na kadiri inavyozungushwa ndivyo tangi linavyopata joto na mvuke.

Jambo wengi wasilolijua ni kwamba pampu hizi husukuma vizuri sana lakini huvuta vibaya. Ukiifunga mbele kwenye injini mahali pa pampu ya zamani, itavuta petroli umbali wa gari zima, na petroli inayovutwa hugeuka mvuke ndani ya paipu, hasa huku juu ambako hewa inayoisukuma kutoka tangini ni nyepesi. Pampu itapiga kelele kama nyuki na gari litazima. Mahali pake ni nyuma, chini ya usawa wa tangi au karibu na hapo, mbali na ekzosi, juu ya mipira ya kuzuia mtetemeko. Kabla ya pampu weka chujio la matundu makubwa, la kuzuia uchafu bila kuibana pampu pumzi. Baada ya pampu weka filta ya chuma yenye kuchuja vumbi laini, ya gari la sindano. Ukizigeuza, ile laini ikatangulia, utaua pampu kwa kiu.

Hata hivyo tangi la 504 yetu halikuwa na kuta za ndani kama matangi ya magari ya sindano. Likiwa robo, ukipanda mlima au ukikata kona, petroli inakimbilia upande mmoja na paipu inabaki kinywa wazi. Tuliona hili katika safari ya kwanza ya majaribio: gari lilikuwa na nguvu kama ng'ombe dume kwenye tambarare, na kwenye mteremko wa kwanza wenye kona likakohoa na kufa. Mzee dereva alishuka, akafunga mlango polepole, akasema, "Kabureta yenu mpya nayo ina kifafa."

Tulichokifanya ni kurudisha lile bakuli la kabureta kwa namna nyingine. Tulitengeneza kopo la chuma kipya, kipande cha bomba chenye upana wa milimita 90 na kimo cha milimita 250, ambalo linachukua lita moja na nusu na ushei. Pampu ndogo ya presha ya chini inavuta kutoka tangini na kulijaza kopo. Pampu kubwa inanywa kutoka sakafuni mwa kopo na kupeleka mbele. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yanaingia koponi, si tangini. Kutoka kilele cha kopo paipu nyingine inarudisha ziada na hewa yote kwenye tangi. Hivyo pampu ndogo ikimeza hewa kwenye kona, hewa hiyo inapanda juu ya kopo na kuondoka zake, na pampu kubwa inaendelea kunywa petroli tupu. Paipu hiyo ya juu isiwe nyembamba, ama sivyo kopo lenyewe litafanya presha. Na kifuniko cha tangi kiwe na tundu lake la kupumua lililo wazi. Tangi lisilopumua huweza kukunjika kama kopo la maziwa. Kopo letu tumelifunga chini ya sakafu ya gari, nyuma ya bamba la kulikinga na mawe. Tumeona mengine yamefungwa ndani, karibu na kiti cha abiria, kwa sababu ni rahisi. Sisi hatutampandisha mgonjwa katika gari la namna hiyo.

Kuhusu mipira tuseme kwa kifupi lakini kwa mkazo. Mpira mweusi wa kawaida wa petroli unaouzwa kwa mita sokoni ni wa kabureta. Mpira wa sindano umeandikwa ubavuni, na maandishi ya kutafuta ni SAE J30R9. Ule wenye R6 au R7 ni wa presha ndogo. Klipu nazo ziwe zile laini zinazokaza duara zima, kwa kuwa klipu zenye meno yaliyokatwa hula mpira kidogo kidogo. Ncha ya kila paipu ya chuma iwe na uvimbe ili mpira usichomoke. Mahali pengi iwezekanavyo tumia paipu ya chuma ya milimita 8, na mpira uwe mfupi, pale tu panapotikisika. Usipitishe paipu ndani ya handaki la ekzosi ati kwa kuwa ya zamani ilipita hapo.

Tunaongeza neno kwa ndugu zetu wa mashamba ya miwa. Malawi imekuwa ikichanganya spiriti ya molasesi katika petroli tangu 1982, na Zimbabwe ilianza mapema zaidi, mwaka 1980, kwa kiwanda cha Triangle. Spiriti hiyo ni jasho la wakata miwa na hatuna neno baya juu yake, lakini hulainisha mipira ya zamani, huvuta maji, na hubandua uchafu uliolala tangini kwa miaka. Gari kuukuu likianza kunywa petroli hiyo, mipira yote ibadilishwe na filta ikaguliwe mara kwa mara. Ubaya halisi ni mfanyabiashara anayechanganya mafuta ya taa katika petroli. Petroli safi hukauka upesi juu ya karatasi nyeupe. Ikiacha doa la mafuta, muulize aliyekuuzia.

Upande wa umeme tulikosea, na ni vizuri tukiri. Tuliunganisha pampu kubwa kwenye waya wa zamani wa swichi ya ufunguo. Gari likawaka na tukafurahi. Kisha tulipopima, kwa kuelekeza paipu ya kurudishia ndani ya chupa yenye alama, tulipata nusu lita tu kwa nusu dakika, na pampu ya lita 120 kwa saa yapaswa kutoa lita nzima. Pampu ilikuwa nzima. Waya ulikuwa mwembamba na mzee, na umeme uliofika nyuma ulikuwa volti 10 badala ya 12 na zaidi. Tulivuta waya mpya mnene kutoka betri, wenye fyuzi yake karibu na betri, tukaweka relei, na waya wa hasi tukaukaza kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Chupa ikajaa.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja na ufunguo huendelea kusukuma hata injini ikizima. Gari likipinduka na paipu ikikatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya watu walionasa ndani mpaka mtu afikirie kuzima ufunguo. Kwa hiyo relei ya pampu lazima iamrishwe na boksi la umeme la injini, ambalo huwasha pampu kwa sekunde mbili hivi ufunguo unapowashwa, na kuikata injini isipozunguka. Aidha tumeweka swichi ya ajali, ile yenye gololo inayoruka gari linapogongwa, tuliyoitoa kwenye gari bovu. Tuliijaribu kwa kuigonga na kiganja kabla ya kuifunga. Pampu ndogo nayo inapita katika ulinzi huo huo.

Mbele, kwenye reli ya mafuta inayobeba injekta, kuna kidhibiti presha chenye kipira kidogo kilichounganishwa na njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuweka tofauti ile ile kati ya petroli na hewa, injini ikiwa polepole au mbio. Geji ikifungwa kwenye reli, injini ikiunguruma pole pole, utasoma paundi 36 hivi. Ukichomoa kipira kile, presha ipande hadi 43 kwa ghafula. Isipopanda, kidhibiti kimekufa. Ukikuta petroli ndani ya kipira, kimepasuka, nayo injini inainywa kwa mlango wa nyuma. Ukizima injini, presha isishuke mara moja. Ikishuka, tafuta mahali inapovuja kabla ya kumkabidhi dereva ufunguo.

Na kabla ya kulegeza paipu yoyote, toa fyuzi ya pampu, acha injini iwake mpaka ijifie yenyewe, kisha funika maungio kwa kitambaa unapofungua. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga au povu. Maji hutawanya petroli inayowaka. Nawa mikono kwa sabuni, si kwa petroli, kwa sababu petroli ina benzeni, kemikali ya kuharibu damu, ambayo Shirika la Kazi Duniani lilitungia mkataba wake wa namba 136 tangu 1971.

Limebaki shauri la gereji. Afisa yule hakufurahi tulipokataa kuchomelea, na wiki iliyofuata tuliulizwa kwa barua kama mafundi wa shamba wanaweza kuchagua kazi. Tawi lilijibu kwa maandishi. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Mkataba wa ILO namba 155 wa 1981 unazungumzia mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu, kwamba asiadhibiwe kwa hilo. Na mwezi Juni 2022 ILO iliyaweka mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za kazi. Ndugu Katibu aliambatanisha barua hiyo na picha ya tangi la yule mwenzetu, lililofunguka kama ua. Hatukupata jibu la barua, ila ubao umewekwa mlangoni mwa gereji: tangi la petroli halichomelewi hapa. Umeandikwa kwa rangi nyekundu na mtu asiyejua kupanga herufi, nasi tumeuacha ulivyo.

Shauri la pili halijakwisha. Wawili kati yetu tuliofanya kazi hii tumeandikwa kwenye kitabu cha mishahara kama wasaidizi wa gereji, na tayari tumeletewa pikapu mbili za shamba zifanyiwe vivyo hivyo. Tumeomba kamati ipeleke dai la daraja la fundi kabla hatujagusa ya kwanza. Mazungumzo yamepangwa baada ya malipo ya mwezi.

Gari lenyewe linatembea. Limekwenda Kampala na kurudi mara nne, na Fort Portal mara nyingi kuliko tulivyohesabu, usiku na mchana. Filta ya kwanza tuliifungua baada ya wiki mbili, tukakuta vumbi jekundu la kutu ya tangi. Ya pili ilitoka karibu safi. Mzee dereva bado anaiita kabureta. Habari ya injekta, boksi la umeme na namna ya kuzipanga kwa hewa ya mlimani tutaiandika katika toleo lijalo, na wenye maswali wayalete kwa Katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.